Kidole Gumba cha Baba

Nianze kwa kujisifu, maana wanaoweza kunisifu hawajui nilichofanya. Niliandika kipande cha programu ambacho leo kimo ndani ya mashine za watu nisiowajua, katika nchi ambazo sitarajii kufika, na kilichonifanya nikiandike ni kidole gumba cha baba yangu mzazi, pale Kirumba, Mwanza. Mama husema anayejisifu mwenyewe amekosa majirani. Majirani ninao. Shida ni kwamba nikianza kuwaeleza nilichoandika, wanakumbuka kuwa wameacha maharage jikoni.

Baba alikuwa nahodha wa kivuko kati ya Kigongo na Busisi tangu sijazaliwa mpaka alipostaafu. Alivusha ng'ombe, maharusi, majeneza, malori ya pamba na wabunge, na kwa maelezo yake wote walikuwa sawa mbele ya usukani, isipokuwa ng'ombe, ambao walikuwa wasikivu zaidi. Muda mfupi baada ya kustaafu, presha ya macho ikaanza kumla taratibu. Kwanza hakuwaona waliomjia kwa pembeni, kisha akawa haoni sura, kisha ikabaki tofauti ya mchana na usiku, na hiyo nayo ikaondoka. Tulikwenda hospitali mapema kiasi tulichoweza, ambacho hakikuwa mapema.

Upofu wenyewe aliupokea vizuri kuliko sisi. Nyumba yetu imejengwa kwenye miamba, kama nyumba nyingi za upande ule, na kutoka sebuleni hadi uani kuna vidaraja vya mawe visivyolingana. Mimi mwenye macho mawili nimejikwaa pale mara nyingi. Yeye hajajikwaa. Mama hutoka alfajiri kwenda kuuza dagaa soko la Mwaloni, mimi hukaa ofisini mjini mchana kutwa, na baba hubaki peke yake, jirani akimchungulia mara mojamoja. Alikuwa akijichemshia chai, akinyoa ndevu zake, na akijiwashia televisheni.

Hapo kwenye televisheni ndipo habari hii ilipo. Tulikuwa na televisheni ya chogo, kubwa, nzito, aliyoinunua enzi za kazi. Rimoti yake ilikuwa nene na yenye vitufe vikubwa vya mpira, na kama rimoti zote za nyumba zinazojiheshimu, haijawahi kushikwa ikiwa uchi. Siku ya kwanza tu ilivalishwa nailoni, ikafungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na nailoni ikichakaa inavalishwa nyingine. Baba alivijua vitufe vyote kwa kidole gumba. Alipopofuka, ile rimoti ikawa kitu pekee nyumbani alichokitumia kwa ufundi kuliko sisi sote. Ungemuuliza chaneli ya taarifa ya habari, tayari ameshaiweka kabla hujamaliza swali.

Kisha masika moja televisheni ya chogo ikatoa moshi ikafa. Mimi, binti msomi, nikaenda mjini nikaja na televisheni bapa na king'amuzi kipya. Nilivimba kichwa. Vifaa vile vilikuja na rimoti mbili, nyembamba, laini kama sabuni iliyolowa, zenye vitufe vidogo vingi vinavyofanana kama mbegu za papai. Tena king'amuzi kilitaka usome maandishi kwenye kioo kabla hakijakutii. Baba akaniuliza tano iko wapi. Nikamshika kidole nikakiweka kwenye tano. Nikaondoa mkono wangu, yeye akabonyeza jirani yake, kioo kikajaa orodha ya mipangilio, na hapo hakuna aliyeweza kutoka bila macho. Baada ya majaribio machache akaiweka rimoti mezani kwa upole, na tangu siku hiyo mama akawa anamchagulia chaneli kabla ya kwenda sokoni, kama anavyomwachia chai kwenye chupa.

Siku moja umeme ukakatika asubuhi, ukarudi, na king'amuzi kikaamka kwenye chaneli ya katuni za watoto. Nilirudi jioni nikamkuta baba amekaa wima kwenye kiti chake, shati limefungwa vifungo vyote, sungura wanaimba.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akaniambia, "Mama, leo nimejifunza kuhesabu mpaka kumi. Kwa kuimba."

Nilicheka, naye akacheka. Lakini Jumamosi iliyofuata tulikodi gari kwenda msibani ng'ambo, upande wa Sengerema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kupita kwenye daraja jipya lililochukua nafasi ya kivuko. Alikaa mbele, kioo kimeshushwa, anasikiliza. Baada ya muda akaniuliza tunapanda kivuko lini. Nikamwambia, baba, tumeshavuka. Busisi iko nyuma yetu. Tukaiacha lami.

"Nimekuwa abiria," akasema. "Barabarani abiria, nyumbani kwangu abiria."

Ningeweza kuvumilia kama angelalamika. Baba hakuwa akilalamika, alikuwa anatoa taarifa, kama nahodha anavyotoa taarifa ya upepo, na iliniuma mpaka nikashindwa kula ubwabwa wa msibani. Nikaapa kwamba mzee yule atachagua mwenyewe anachokisikiliza ndani ya nyumba yake, bila kuomba, bila kusubiri mtu arudi sokoni. Na atachagua kwa rimoti yake ileile ya nailoni. Ya kale ni dhahabu, na ile ilikuwa bado iko kabatini.

Nikatafuta kompyuta ndogo, zile za kukaa kiganjani, na kwenye duka la vifaa vilivyotumika nikapata kidude cha kunasa matangazo ya televisheni. Kidude hicho kilikuwa na jicho dogo jeusi la kupokelea miale ya rimoti. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: kompyuta inanasa chaneli, inatamka jina la chaneli kwa sauti kila inapobadilishwa, na baba anaiamuru kwa rimoti yake. King'amuzi kingerudi kwenye boksi lake.

Sasa, kati ya kompyuta na kifaa chochote kinachochomekwa lazima awepo mkalimani. Sisi wa kazi hii tunaiita programu hiyo kiendeshi. Bila kiendeshi kompyuta na kifaa vitatazamana kama wakwe siku ya kwanza. Kiendeshi cha kidude changu kilikuwepo, kimeandikwa na watu wa kujitolea wa huko duniani, na kilijua picha na kilijua sauti. Lile jicho jeusi hakikulijua kabisa. Rimoti ilipobonyezwa, jicho lilipokea, na mkalimani akanyamaza. Nikawaandikia wale watu kwa adabu zote. Mmoja akajibu kwa adabu zote pia kwamba rimoti hazijashughulikiwa kwenye kidude hicho, na kama ninazihitaji ninakaribishwa kuziandikia mwenyewe.

Mimi nina hasira za karibu, wanaonijua wanajua. Jibu la namna hiyo kwangu ni kiberiti kwenye mafuta ya taa. Nikasema sawa, nitaziandikia.

Kwanza nilitaka kujua kama rimoti yenyewe bado iko hai. Miale yake haionekani kwa macho, lakini kamera ya simu huiona. Nikamkalisha baba barazani, nikamwelekezea kamera, nikamwomba abonyeze. Kwenye kioo cha simu nikaona taa ndogo ya zambarau ikipepesa ndani ya nailoni. Nikapiga kigelegele cha peke yangu. Baba akataka kujua kuna nini, nikamweleza kwamba kuna taa inawaka mbele ya rimoti, ila ni taa ambayo hata sisi wenye macho hatuioni.

Akatafakari. "Kwa hiyo kwenye taa hii mimi na wewe tuko sawa."

"Tuko sawa baba."

"Vizuri," akasema, akaendelea kubonyeza bila kuambiwa.

Kazi ikaanza. Kwa walio nje ya fani nitasema hivi: rimoti hupepesa miale yake kwa mpangilio, fupi na ndefu, na mpangilio huo ukiutafsiri unakuwa namba. Kila kitufe kina namba yake. Kazi ya kiendeshi ni kupokea mipepeso, kuipima, kuitafsiri na kuiambia kompyuta, huyu kasema nne, huyu kasema ongeza sauti. Ukipima vibaya kidogo tu, nne inakuwa takataka. Nilipima vibaya majuma mengi. Nilikula chakula cha mchana ofisini nikiwa na rimoti mkononi, wenzangu wakinitania kwamba nimeolewa nayo. Adhuhuri moja, nikiwa nyumbani, namba zikaanza kutoka sawasawa kwenye kioo, kitufe baada ya kitufe, na nikacheza muziki usiokuwepo katikati ya sebule.

Palikuwa na kero moja. Kitufe kimoja kilikuwa na namba mbili. Nikibonyeza tano naona namba fulani. Nikiachia nikabonyeza tano tena naona nyingine, tofauti kwa alama moja tu. Mara ya tatu inarudi ile ya kwanza. Nikafikiri ni uzee wa rimoti, baadaye nikasoma nikajua kwamba rimoti za aina ile ziliundwa hivyo. Sikujishughulisha kujua kwa nini. Nikaandika mstari mmoja wa kuifuta ile alama, namba zikawa mojamoja, safi, na nikajiona fundi.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Jumamosi alasiri nikawaita wazazi sebuleni, mama akaja na mikono inanuka dagaa, baba akakaa kwenye kiti chake. Nikampa rimoti. Nilikuwa nimeijaribu siku nzima bila kosa. Baba akaishika, akaipangusa nailoni, kidole gumba kikashuka kwenye nne bila kupapasa, na nikaona uso wake unavyotulia, uso niliokuwa sijauona tangu ile ya chogo ife.

Akabonyeza. Mashine ikasema, nne, nne, nne, nne, nne, kisha ikatangaza kwamba hakuna chaneli yenye namba hiyo. Nikamwambia jaribu kitufe cha kupanda. Akabonyeza, na mashine ikakimbia chaneli zote ikitamka nusunusu ya kila jina, mahubiri, mpira, muziki, sungura, ikazunguka ikarudi ilikotoka ikaendelea. Baba akaondoa kidole kama aliyegusa sufuria.

Nikamsihi abonyeze kidogo tu, aguse aachie. Akagusa, lakini kitufe hakikushuka kabisa ndani ya ule mpira na nailoni yake, mashine ikakaa kimya. Akaongeza nguvu, ikasema tisa, tisa, tisa. Nikamweleza tena. Akajaribu tena. Jasho likamtoka usoni, mzee aliyepitisha kivuko kwenye mawimbi ya Agosti, anahangaika na tisa. Mwisho akainyoosha rimoti hewani, hajui tumekaa upande gani, ili mmoja wetu aipokee.

"Wekeni mnachotaka," akasema.

Mama alinifuata uani. Mama ni Msukuma asiyezungusha maneno. "Mwache mzee wa watu apumzike na hizo limoti," akaniambia. "Mikono yake imezoea vya zamani, na wewe umeshajaribu. Asiyekubali kushindwa si mshindani."

Methali hiyo siipendi. Imetungwa na aliyeshinda. Nikamwambia mama kwamba basi mimi si mshindani, na nikaenda kukaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba, nimenuna, natazama vumbi. Nilichokuwa nakiona kichwani ni ule mkono ulionyooshwa hewani. Nikakasirika na mashine, na baadaye nikajiuliza kwa nini nimetumia alasiri nzima kumfundisha mzee wa miaka yake namna ya kutumia kidole chake mwenyewe. Mashine haina mazoea wala umri. Ya kubadilika ilikuwa mashine.

Kesho yake, Jumapili, tuliporudi kanisani, nikamwomba baba kitu kimoja: abonyeze rimoti anavyopenda, mashine ikiwa imezimwa, mimi nimtazame tu. Akaniuliza kama hicho nacho kinasomewa chuo. Nikamwambia kinasomewa. Akabonyeza. Kwa mara ya kwanza sikutazama namba kwenye kioo, nilitazama kidole.

Alikuwa anakandamiza. Kidole gumba kinashuka kwa nguvu, mkono wote unanyooka kuelekea ilipo televisheni kana kwamba anasukuma kitu, na kinabaki pale, kinabaki, mpaka yeye mwenyewe aridhike kwamba ujumbe umefika. Ndipo kinanyanyuka. Akipumzika kidogo, anaigonga rimoti kwenye kiganja cha pili, kisha anaendelea.

Nikajua mara moja ninachokitazama, maana nimekulia humo. Katika nyumba zetu betri haifi, huugua. Ikiugua inaanikwa juani dirishani pamoja na mihogo, jioni inarudishwa kazini. Isipopona inang'atwa kwa meno. Isipopona inabadilishana nafasi na mwenzake, na rimoti inapigwa makofi. Betri mpya zilikuwa za redio, na rimoti ilirithi zilizochoka. Kwa hiyo mtaa mzima tulijifunza kubonyeza hivyo, kwa nguvu na kwa muda mrefu, mkono umenyooka, tukiisaidia betri safari yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nabonyeza hivyo nikiwa mdogo. Ofisini nilikuwa nimeweka betri mpya na kujijaribia mwenyewe kwa vidole vya mtu wa kibodi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Na kiendeshi changu, kila rimoti iliposhikiliwa, kilihesabu kila mpepeso kuwa amri mpya. Nilihitaji njia ya kukiambia: huyu bado hajaachia, hii ni amri ileile. Nikawaza kukifundisha kusubiri, lakini kisubiri hadi lini? Nikaweka muda mfupi, baba akaupita. Nikaweka mrefu, mashine ikawa nzito, akibonyeza mara mbili kwa haraka inasikia mara moja. Nilikuwa nimeinamia kompyuta pale mezani, nyama inachemka jikoni, ndipo nilipoikumbuka ile alama niliyoifuta.

Namba mbili za kitufe kimoja. Ukibonyeza, alama iko hivi. Ukiendelea kushikilia, hata mpaka kesho, alama haibadiliki. Ukinyanyua kidole na kubonyeza tena, alama inageuka. Ile haikuwa kero wala uzee. Waliounda rimoti zile waliiweka kwa ajili ya mtu kama baba, ili mashine ijue kidole kimenyanyuka au bado kipo. Nami nilikuwa nimeifuta kwa mstari mmoja na kujiita fundi. Nilicheka kwa sauti mpaka baba akauliza kama nimepata taarifa za mahari.

Nikairudisha alama. Nikaandika upya sehemu ile: alama ikiwa ileile, namba na chaneli zisirudiwe, amri ni moja. Alama ikigeuka, ni amri mpya hata kama kitufe ni kilekile. Sauti peke yake iruhusiwe kuendelea kupanda au kushuka mtu anaposhikilia. Umeme ukakatika katikati, nikaendelea kwa betri ya kompyuta mpakato, iliyokuwa inanionya kwa wekundu, nami nikiionya vilevile. Umeme uliporudi nilikuwa nimemaliza. Sikumwita mama. Nilitaka, tukiaibika, tuaibike wawili.

Nikampa baba rimoti yake na kumwambia maneno machache kuliko yote niliyowahi kumwambia: "Baba, bonyeza kama ulivyozoea."

Mkono ukanyooka. Kidole gumba kikashuka kwenye nne kwa nguvu zake zote na kikabaki. Mashine ikasema, nne. Ikasema jina la chaneli. Ikanyamaza. Kidole bado kimekandamiza, sekunde zinapita, na mashine imenyamaza, mtangazaji anaendelea na habari zake. Baba alikuwa anasubiri zile nne nyingine zije. Hazikuja. Akanyanyua kidole, akabonyeza saba. Saba. Akabonyeza kupanda, ikapanda moja. Akabonyeza tena, moja tena. Akashikilia sauti, ikapanda mpaka vyombo vya kabatini vikatetemeka, akaishusha. Alipita chaneli zote huku akizisalimia kwa majina, na kila jina lilipotamkwa aliitikia kwa kichwa kama anayekagua tiketi. Alipofika kwa sungura akawapita bila kusimama.

Kisha kila kitu kikazimika.

Nikakimbilia mashine nikidhani kiendeshi kimeanguka na mwisho wangu umefika. Kioo changu kikanionyesha amri ya mwisho iliyopokelewa: kitufe cha kuzima, mara moja. Nikageuka. Baba alikuwa ameiweka rimoti pajani na kuegemea kiti, uso umeelekea dirishani. Nyumba ilikuwa kimya. Sikumbuki lini sebule ile ilikuwa kimya mchana. Tangu mama aanze kumchagulia chaneli, televisheni ilikuwa ikiunguruma kuanzia alfajiri mpaka mtu arudi, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba mzee angeweza kutaka iache. Tukasikia watoto wa nyumba za chini wakigombana, tukasikia kunguru kwenye bati, na kutoka ziwani tukasikia honi.

"Kivuko cha Kamanga," akasema baba. "Kimechelewa."

Akaiwasha tena mwenyewe, akaenda moja kwa moja kwenye mpira. Mimi nikaenda jikoni kugeuza nyama na nikalia juu ya sufuria kwa furaha, nalisema wazi, sikuwa nakata vitunguu.

Kazi yangu niliituma kwa wale watu wa kujitolea, na hawakuipokea kirahisi. Yule aliyenijibu mwanzoni akauliza kwa nini nimezuia namba zisirudiwe wakati viendeshi vingine havifanyi hivyo. Nikamweleza yote, betri juani, meno, makofi, mkono ulionyooka. Nikamwambia kuna sehemu kubwa ya dunia inabonyeza hivi na mashine zao zinawatukana kila siku. Baada ya siku kadhaa akaandika kwamba bibi yake naye alikuwa akizianika betri, juu ya stovu, na kwamba kazi imekubaliwa. Nilisoma barua ile nimesimama katikati ya ofisi. Nikaruka. Mwenzangu mmoja akamwaga chai.

Jioni hiyo nilipanda vidaraja vya mawe mbio, sijajikwaa hata kimoja. Nilitaka kuwaambia wote wawili kwa pamoja, nimeyapanga maneno njia nzima. Nikaingia sebuleni nikaamkia. Baba yuko kwenye kiti chake, rimoti mkononi katika nailoni mpya, anasikiliza taarifa ya habari. Mama amesimama karibu naye, amefunga kitenge cha nyumbani, saa ya tamthilia yake imewadia, na nikamsikia kwa masikio yangu, mama yangu asiyezungusha maneno, akibembeleza.

"Mzee wangu, naomba uniwekee kile kipindi changu."

Nami nikadakia hapohapo kwamba nina habari kubwa, baba apunguze sauti kidogo.

Baba hakugeuka. Mkono ulinyooka, kidole gumba kikakandamiza kwa muda mrefu, na sauti ikapanda.

"Abiria wakae," akasema. "Tutafika."

Tukakaa.